Mjumbe Hauawi: Tunavyokosea Kuinyamazisha Feni ya Kompyuta ya Zamani

Ukiingia kwenye chumba chetu cha kompyuta saa nane mchana, kabla hujaona mtu utasikia feni. Iko moja pale kona, desktop ya ofisi iliyokuja na kontena la mitumba, ambayo kwa muda mrefu ilikuwa inavuma kama mashine ya kusaga mahindi. Siku moja tukaamua basi, imetosha. Fundi akaitwa, akaunga rezista ndogo kwenye waya wa feni, akarudishia mfuniko, akalipwa, akaenda zake. Kimya! Tulifurahi kama mtaa uliorudishiwa umeme.

Wiki ya pili mwenzetu mmoja, aliyekuwa anamalizia sura ya matokeo ya tasnifu yake, akaanza kulalamika. Hesabu anayoiacha jioni na kuikuta tayari asubuhi, sasa asubuhi anaikuta bado inaendelea. Siku tatu nzima akapekua programu aliyoiandika, mstari kwa mstari, akidhani kosa ni lake. Kumbe kosa lilikuwa pale kona, limekaa kimya. Prosesa ilikuwa inapanda hadi karibu nyuzi 100, inajipunguza kasi yenyewe, inapoa kidogo, halafu inapanda tena. Tulipoifungua tukakuta vumbi limejaa kati ya feni na hitisinki, yaani kile kipande cha chuma chenye mapezi kinachokaa juu ya prosesa. Lilikuwa limeshikamana kiasi kwamba ulilibandua kwa vidole kama kitambaa.

Siandiki haya kumsema fundi. Tulimwambia tunataka kelele ziishe, na kweli ziliisha. Ninachotaka kukosoa ni ushauri wenyewe, huu unaozunguka kwenye video, kwenye magrupu ya WhatsApp na kwenye mabanda ya mafundi, kuhusu namna ya kupunguza kelele za feni. Sehemu kubwa ya ushauri huo wala si uongo. Tatizo lake ni mpangilio: unajibu "nitainyamazishaje?" kabla ya kuuliza "kwa nini inapiga kelele?" Wahenga walisema mjumbe hauawi. Feni ni mjumbe, na hapa chini nitapitia shauri moja baada ya jingine tuone ni lipi linamsikiliza na ni lipi linamziba mdomo.

Kwanza: nani anaiamuru feni?

Feni ya kompyuta haijiamulii. Ndani ya prosesa kuna kipimajoto. Bodi kuu inakisoma kila mara, halafu inaiambia feni iongeze au ipunguze spidi. Ukiangalia feni yenye nyaya nne, mbili ni za umeme, ya tatu inarudisha taarifa ya mizunguko, na ya nne ndiyo inayobeba amri. Kwa hiyo feni ikipiga kelele, kuna uwezekano wa mambo mawili tu makubwa: ama imeamriwa kukimbia kwa sababu kuna joto, ama yenyewe ni mbovu na inakwaruza hata ikizunguka polepole. Haya ni magonjwa mawili tofauti, na dawa zake hazifanani. Ushauri wa mtaani unayachanganya.

Hesabu ya joto lenyewe ni nyepesi, haihitaji digrii. Chukua wati ambazo prosesa inazigeuza kuwa joto, zidisha kwa ukinzani wa joto wa hitisinki na feni yake (nyuzi ngapi zinapanda kwa kila wati), halafu jumlisha joto la chumba. Tuseme kwa mfano prosesa inatumia wati 65, na hitisinki safi yenye feni nzima ina ukinzani wa nyuzi 0.6 kwa wati. 65 mara 0.6 ni 39. Ukiwa kwenye chumba cha nyuzi 21, prosesa itakuwa nyuzi 60. Ukiwa kwenye chumba cha nyuzi 33, itakuwa 72.

Hebu tulia hapo kidogo, maana hapa ndipo ninapoanzia ukosoaji wangu. Ushauri mwingi wa kunyamazisha kompyuta uliandikwa na wapenzi wa kompyuta tulivu wa Ulaya na Marekani, hasa miaka ya 2000, wakati prosesa zilipokuwa zinakula umeme bila huruma. Baadhi ya matoleo ya Pentium 4 yaliyotoka 2004 yaliandikwa wati 115. Wale jamaa walikuwa na tatizo la kweli, na walijua wanachofanya. Lakini walikuwa wamekaa kwenye vyumba vya nyuzi 20 au 21. Wewe uko Dar es Salaam mwezi wa pili, AC ya chumba ilikufa zamani, na kipimajoto cha ukutani kinasoma 33. Zile nyuzi 12 za tofauti hazipotei njiani, zinaingia moja kwa moja kwenye prosesa. Kinachomtosha mtu wa kule hakikutoshi wewe, na video haitakuambia hivyo, kwa sababu aliyeirekodi hana sababu ya kulifikiria jambo hilo.

Shauri la kwanza: "punguza spidi ya feni"

Hili ndilo maarufu kuliko yote, na tulitendee haki: kwa fizikia lina nguvu sana. Feni zina kanuni zake zinazojulikana. Ukipunguza spidi ya feni hadi nusu, hewa inayopita inapungua hadi nusu, lakini umeme inaokula unashuka hadi sehemu moja ya nane, na kelele inashuka kwa takribani desibeli 15. Masikio yetu huhisi kushuka kwa desibeli 10 kama sauti imepungua nusu, kwa hiyo 15 si mchezo. Hata punguzo dogo linalipa: toa asilimia 20 ya spidi, umeshusha karibu desibeli 5, huku hewa bado ikipita asilimia 80.

Ndiyo maana shauri hili halifi. Ukilijaribu, linafanya kazi mara moja, unasikia mwenyewe. Ila matokeo yake mabaya ndiyo husikii.

Rudi kwenye hesabu yetu. Feni ikizunguka polepole, ukinzani unaweza kupanda kutoka 0.6 hadi, tuseme, 0.8. Chumba cha nyuzi 21 kinakupa 73, hakuna shida. Chumba cha nyuzi 33 kinakupa 85. Sasa ongeza vumbi, ukinzani ufike 1.0: kule unapata 86, huku unapata 98. Prosesa nyingi zina mpaka wao karibu na nyuzi 100, na zikiufikia zinajipunguza kasi ili zisiungue. Ndicho kilichomkuta mwenzetu. Hakuna moshi, hakuna harufu, hakuna ujumbe kwenye kioo, ila kazi ya usiku mmoja inakuwa ya usiku na nusu.

Hapa niwakosoe pia wale wa upande wa pili, wanaotishia kwamba "ukigusa feni utaunguza prosesa". Kwa kawaida huunguzi. Prosesa ina kinga: itapunguza kasi, na ikizidiwa kabisa kompyuta itajizima. Wanaoumia ni wengine ambao hawana kipimajoto wala sauti. Kwenye bodi kuna vile vikopo vidogo vya kapasita vyenye majimaji ndani. Wahandisi wana kanuni ya makadirio kwamba kila nyuzi 10 zikiongezeka, umri wa kapasita ya namna hiyo unakatika nusu. Kapasita iliyoandikwa saa 2,000 kwa nyuzi 105, ikikaa kwenye nyuzi 65 inakadiriwa kuishi saa 32,000. Ikikaa kwenye 75, ni saa 16,000. Kwa matumizi ya saa nane kwa siku, hiyo ni takribani miaka 11 dhidi ya mitano na nusu. Na ukumbuke kompyuta yako ya mtumba haikuanza maisha siku ulipoinunua. Ilishakula miaka yake huko ilikotoka.

Kwa hiyo je, tusipunguze spidi? Hapana, tupunguze, lakini mwishoni, baada ya kuondoa sababu, na kwa njia inayoiachia feni uwezo wa kukimbia joto likipanda. Hii ndiyo tofauti kubwa kati ya kurekebisha spidi kwenye BIOS na kuunga rezista kwenye waya. Mpangilio wa BIOS unasema: joto likiwa dogo tembea, likizidi kimbia. Rezista haijui joto. Inambana mjumbe leo wakati wa kuandika barua, na inambana vilevile kesho wakati nyumba inaungua. Mtu akikuwekea rezista bila kupima joto kabla na baada, hajakutengenezea kitu.

Shauri la pili: "badilisha feni"

Wapo wanaofika dukani moja kwa moja. Feni mpya, hela ikatoka, wakaifunga, wakawasha, na kelele ziko palepale. Wanasema wameuziwa feki. Mara nyingine kweli ni feki, lakini mara nyingi wamebadilisha feni isiyo na hatia.

Desibeli hazijumlishwi kama shilingi. Feni mbili zenye kelele sawa hazikupi kelele maradufu kwenye kipimo, zinaongeza desibeli 3 tu. Na feni ya desibeli 40 ikikaa pamoja na ya desibeli 30, jumla ni takribani 40.4. Maana yake ni kwamba ukiitoa ile ya 30 hata ukaitupa baharini, sikio lako halitajua. Kazi ya kwanza ni kumtafuta anayepiga kelele kuliko wote, na desktop ya kawaida ina washukiwa wanne au watano: feni ya prosesa, feni ya boksi la umeme, feni ya nyuma, ya kadi ya picha kama ipo, na diski kuu ya kuzunguka ambayo watu huisahau kwa kuwa siyo feni.

Njia ya kumkamata ni ya bure. Kunja karatasi iwe bomba, sogeza ncha moja karibu na kila feni bila kuigusa, ncha nyingine sikioni. Halafu sikiliza aina ya sauti. Kuvuma kwa hewa kunakopanda na kushuka kadiri unavyofungua programu ni amri ya joto. Kukwaruza unapowasha asubuhi, kisha kukatulia kadiri mashine inavyopata moto, ni bushi iliyokauka mafuta. Mlio wa wimbo mmoja usiobadilika mara nyingi unatokana na mapanga kupita karibu sana na wavu au kizuizi. Feni yenye mapanga saba ikizunguka mara 3,000 kwa dakika inapitisha panga mara 350 kwa sekunde, na hiyo ni noti kabisa, unaweza kuiimba. Kutikisika kwa boksi zima kunaweza kuwa skrubu iliyolegea tu. Nimewahi kuona kelele ya namna hiyo ikizimwa na kipande cha ndala kilichowekwa chini ya mguu wa kompyuta.

Ikiwa mkosaji ni boksi la umeme, tafadhali usilifungue. Umeme wa nyumbani wa volti 230 ukishanyooshwa ndani yake unafika karibu volti 325, na kapasita kubwa zinaweza kuushikilia hata ukishachomoa waya. Puliza vumbi kutoka nje, au badilisha boksi zima. Video zinazoonyesha mtu akichokonoa humo na bisibisi kama anafungua kopo la maziwa zinastahili lawama, si kusambazwa.

Jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi: baadhi ya kompyuta za ofisi zina plagi ya feni ya mpangilio wao wenyewe. Ukichomeka feni ya kawaida kwa nguvu, ama haiingii, ama mashine inawaka na kulalamika kwamba feni imekufa, ama inazunguka kwa spidi kamili muda wote. Piga picha plagi yako kabla ya kwenda dukani.

Lakini kama nafasi ipo, shauri hili lina upande mmoja mzuri ambao hausemwi vya kutosha: ukubwa. Feni ya milimita 120 inaweza kusukuma hewa sawasawa na ya milimita 80 ikiwa inazunguka kwa takribani asilimia 30 tu ya spidi ya yule mdogo, kama zina umbo linalofanana. Kwa kanuni zilezile, kelele inashuka kwa kama desibeli 14. Angalizo ni kwamba feni kubwa inayozunguka taratibu inasukuma kwa presha ndogo, kwa hiyo kwenye mapezi yaliyobanana, au yaliyozibwa na vumbi, hewa inarudi nyuma. Tumerudi kwa vumbi tena, unaona?

Shauri la tatu: "safisha, tia mafuta, badilisha pesti"

Hili kwangu ndilo bora, kwa sababu linagusa sababu. Nalikosoa kwa namna linavyotekelezwa.

Kusafisha. Watu wengi wanafuta mapanga ya feni hadi yanang'aa, halafu wanafunga. Vumbi la kwenye mapanga halina madhara makubwa. Lenye madhara ni lile lililojificha upande wa pili, pale hewa inapoingia kwenye mapezi, na huwezi kuliona bila kuitoa feni. Brashi ya rangi, laini na kavu, inatosha kulitoa. Wengine wanabeba kompyuta hadi kwa fundi pancha ipigwe kompresa. Inafanya kazi, ila tangi la kompresa mara nyingi lina maji na mafuta, kwa hiyo mwambie atoe hewa pembeni kwanza, na ushike mapanga ya feni yasizunguke. Feni inayozungushwa na kompresa inaweza kupita spidi iliyotengenezewa, na ukaondoka pale na beringi iliyokufa, kelele mara mbili ya ulizoenda nazo.

Mafuta. Feni nyingi za bei nafuu ni za bushi, na bushi ikikauka inakwaruza. Bandua kibandiko cha katikati, tia tone moja au mawili ya mafuta ya cherehani, rudishia. Mafuta ya kupikia yanaganda na kuwa gundi baada ya muda. Zile dawa za kupuliza za kulegeza kutu zina kiyeyushi kingi: zinanyamazisha siku chache, huku zikiosha hata mafuta kidogo yaliyokuwa yamebaki. Na kama feni ni ya gololi na gololi zimeshachakaa, mafuta hayatazirudishia uduara wake. Hapo ndipo feni mpya inapokuwa na haki.

Pesti. Kati ya prosesa na hitisinki kuna nafasi ndogo sana za hewa, kwa sababu hakuna chuma kilicho laini kabisa. Hewa ni mpitishaji mbovu wa joto, kama 0.026 kwa kipimo cha wati kwa mita kwa nyuzi. Pesti nyingi ziko kati ya 1 na 10, na shaba ni karibu 400. Angalia namba hizo vizuri: pesti ni bora mno kuliko hewa, lakini ni duni mno kuliko shaba. Kwa hiyo kazi yake ni kujaza mianya tu. Anayepaka nene kama siagi kwenye mkate anaweka blanketi. Futa ya zamani kwa spiriti, weka kiasi cha punje ya mbaazi, kandamiza. Na ile hadithi ya kutumia dawa ya meno ina ukweli wa siku chache, maana dawa ya meno ina maji, nayo kwenye nyuzi 70 hayachukui muda kukauka, ukabaki na unga.

Shauri la nne: "acha ubavu wazi" na "nunua kibao cha feni"

Kuvua mfuniko wa desktop kunaweza kushusha joto la prosesa kwa sababu inapata hewa ya chumba moja kwa moja. Lakini mfuniko ulikuwa unazuia sauti, na kwenye kompyuta nyingi za ofisi ndiyo unaoilazimisha hewa ipite juu ya diski na kapasita kabla ya kutoka. Ukiuondoa, hewa inafuata njia fupi. Unapata kelele zaidi, vumbi zaidi, na siku mjusi akiamua kuhamia humo, hadithi nyingine.

Kwa laptop, vibao vyenye feni vinauzwa kama dawa ya kelele. Fikiria mwenyewe: tatizo ni kelele ya feni, suluhisho ni feni nyingine mbili. Vinaweza kusaidia pale ambapo matundu ya kuingizia hewa yako chini ya laptop na vinapuliza sehemu hiyo hasa. Vinginevyo, sehemu kubwa ya faida yao inatokana na kuinua laptop tu, na hiyo unaipata kwa vizibo viwili vya chupa chini ya miguu ya nyuma. Kuiweka kitandani juu ya godoro, kwa upande wake, ni kumziba mtu pua halafu kumlaumu anakoroma.

Shauri ambalo halitolewi: punguza joto lenyewe

Hapa ndipo ukosoaji wangu ulipo hasa. Mashauri yote hapo juu yanahusu namna ya kuliondoa joto. Machache mno yanauliza kama joto hilo lilihitajika kuzalishwa.

Wati za prosesa zinafuata spidi yake ya kufanya kazi, na zinafuata volteji mara mbili, yaani volteji ikizidishwa kwa yenyewe. Spidi ikishuka, volteji nayo inaweza kushuka. Punguza vyote viwili kwa asilimia 10: 0.9 mara 0.9 mara 0.9 ni karibu 0.73. Umetoa asilimia 10 ya kasi, umeokoa asilimia 27 ya joto linalotokana na kazi. Kwenye Windows, ndani ya mipangilio ya umeme, kuna sehemu ya kuweka kiwango cha juu cha prosesa. Kukitoa 100 na kukiweka 99, kwenye kompyuta nyingi, kunazima ile kasi ya ziada ambayo prosesa hujipa kwa muda mfupi. Ukiandika tasnifu hutaona tofauti. Ukiendesha hesabu nzito itachelewa kidogo, ila utakuwa umechelewa kwa kujua, si kwa kushtukizwa kama mwenzetu.

Kabla hata ya hapo, fungua orodha ya programu zinazoendelea uone nani anakula prosesa wakati wewe hufanyi kitu. Mara nyingi utakuta kurasa arobaini za intaneti, au programu ambayo huikumbuki uliiweka lini. Feni ilikuwa inakuambia hilo tangu mwezi uliopita.

Historia yenyewe inaunga mkono. Apple III ya mwaka 1980 ilitolewa bila feni, kwa kuwa Steve Jobs hakutaka kelele zake, na ikapata sifa mbaya ya kuchemka na kuharibika. Miaka 40 baadaye, 2020, kampuni hiyohiyo ikatoa MacBook Air yenye chipu ya M1, nayo haina feni, na inafanya kazi vizuri. Lengo lilikuwa lilelile. Ya kwanza ilimfukuza mjumbe, habari mbaya zikabaki. Ya pili ilipunguza wati hadi mjumbe akakosa habari ya kuleta.

Basi tufanyeje?

Ningeomba ushauri wa feni ubadilishwe mpangilio, si maneno. Pima joto kwanza, mashine ikiwa imetulia na ikiwa na kazi, kwa programu yoyote ya bure ya kusoma vipimajoto, na uandike joto la chumba pembeni. Tafuta nani anapiga kelele. Ondoa kazi zisizo na maana. Safisha mapezi, badilisha pesti kama imekauka. Tibu au badilisha feni iliyochakaa. Pima tena. Ukikuta nafasi imepatikana, hapo sasa punguza spidi kupitia BIOS, kidogokidogo, huku ukiangalia namba. Na upime mchana wa jua kali, siyo saa mbili usiku.

Sisi tulifanya hivyo na ile desktop ya kona. Rezista tukaitoa. Brashi, pesti, matone mawili ya mafuta ya cherehani. Bado inasikika, siwezi kukudanganya kwamba imekuwa bubu, na mchana kukiwa na joto inapandisha sauti kidogo. Hakuna anayelalamika tena. Mwenzetu alimaliza sura yake, na siku hizi feni ikianza kuvuma bila sababu, yeye ndiye wa kwanza kuinuka kwenda kuangalia kuna nini.